Kibali cha Mzee Nassir

Hodi ilipigwa Jumamosi mchana, Tulia akiwa amefunga taulo kichwani na Pamela, mwenzake wa nyumba, akikaanga vitunguu. Katika zile nyumba za kupanga za Hopkins, nje kidogo ya Minneapolis, hakuna mtu aliyekuja bila kupiga simu kwanza, isipokuwa watu wa dini. Tulia alichungulia kwenye kitundu cha mlango. Aliona kofia ya sufu, masharubu yenye mvi, na mfuko wa plastiki ulioinuliwa juu, kama mtu anayejivunia samaki aliyemvua mwenyewe.

"Nani?"

"Mtanzania," sauti ikajibu, kana kwamba hilo lilikuwa jina.

Tulia akafungua. Mgeni alipangusa viatu vyake kwenye kizulia mara nyingi kupita kiasi, akavua kofia, akabaki amesimama.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Tulia, katibu wa chama chetu? Mimi naitwa Nassir, kwetu Tabora. Hatujuani, ila nimeelekezwa. Hii ni nyama ya mbuzi, sikuweza kuja mikono mitupu."

Pamela alitoa kichwa jikoni. Yeye alikuwa mtu wa Kisumu, na mambo ya nyama hakuyafanyia mchezo. "Ni ya freezer ama fresh?"

"Amechinjwa jana, binti yangu."

"Basi karibu sana, mzee. Tulia, mbona umemsimamisha mgeni? Leta kiti!"

Mzee Nassir aliketi ukingoni mwa kochi, magoti pamoja. Aliuliza habari za nyumbani, za kazi, za masomo, za baridi, na kila alipoulizwa yeye alijibu kwamba ni nzuri, ni salama, tunamshukuru Mungu. Chai ilipofika nusu ya kikombe ndipo alipokohoa.

"Nimekuja kwako kama mjumbe wetu wa nyumba kumi," alisema.

Tulia alicheka. Tangu aondoke Njombe hakuwa amelisikia neno hilo. Nyumbani, mjumbe ndiye anayewajua watu wa nyumba kumi jirani, na huwezi kupata kitu serikalini bila yeye kuandika kwamba unafahamika na huna rekodi mbaya. "Mzee, huku hakuna mjumbe. Mimi kazi yangu ni kukumbusha watu mikutano."

"Mtu anayekumbusha watu mikutano ndiye huyo huyo. Nataka unidhamini. Nataka kibali cha kutembea na bastola."

Jikoni, mwiko ulianguka.

Mzee Nassir aliharakisha kueleza. Alikuwa na kigari cha mizigo chenye mlango wa kuteleza ubavuni, na ndani yake duka zima: nyama ya halali kwenye masanduku ya barafu, unga wa sembe, vitenge, kadi za simu, mafuta ya nywele. Kila siku alizunguka mitaa yake. Alhamisi ilikuwa zamu ya Frogtown, kule Saint Paul, kwenye uwanja wa kuegeshea magari nyuma ya nyumba ndefu ya ghorofa. Wiki mbili zilizopita, akiwa ameinama ndani ya gari kutafuta mguu wa mbuzi, alihisi kitu kigumu mgongoni.

"Walikuwa wawili," alisema, akitazama kikombe. "Walichukua mfuko wa mauzo na koti langu. Sijamwambia mtu. Tangu siku hiyo, kila nikiinama ndani ya gari mikono inatetemeka. Nikiacha Frogtown, nimeacha wateja wangu wakubwa, na hili gari halitajilipa. Nitaliuza nirudi kiwandani kufunga maboksi. Mwanangu, nilifunga maboksi miaka tisa."

Tulia alihisi moyo ukimlainika, jambo ambalo kwake halikuhitaji juhudi nyingi. Alikuwa amemaliza chuo majira ya kuchipua mwaka ule wa tisini na sita, na alifanya kazi katika ofisi ndogo ya mtaa wa Phillips iliyowasaidia wahamiaji waliosumbuliwa na wenye nyumba. Aliamini kwa dhati kwamba sheria ni mlango ulio wazi, ila tu watu hawajasomewa maandishi yaliyo juu yake. Bunduki alizichukia. Lakini mtu alikuwa amekaa kwenye kochi lake na mikono yake ilikuwa kweli inatetemeka.

"Nitaisoma sheria yenyewe," alisema. "Halafu nitakwenda nawe polisi."

"Na wakininyima?"

Pamela alikuwa ameshaleta sahani ya kwanza ya nyama, na Tulia alikuwa na kipande mdomoni. Pengine ndiyo sababu aliahidi kirahisi namna ile. "Wakikunyima, Alhamisi nitapanda gari nawe mimi mwenyewe. Wewe ukiinama, mimi nitakuwa nimesimama. Mpaka theluji iyeyuke."

"Ahadi ya mjumbe hiyo," mzee akasema, akacheka kwa mara ya kwanza.

"Wee Tulia," Pamela alisema baada ya mgeni kuondoka. "Na hao wezi wakikuja utawafanya nini? Utawaimbia?"

*

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, Tulia alikwenda maktaba akaomba vitabu vya sheria za jimbo. Alisoma akila mkate kwa siri. Kumbe mambo yalikuwa mengi kuliko alivyodhani. Kununua bastola kulikuwa na kibali chake, na kutembea nayo hadharani kulikuwa na kibali kingine kabisa. Nyumbani kwako au dukani kwako ungeweza kuwa nayo bila kibali hicho cha pili. Lakini duka la mzee Nassir lilikuwa na magurudumu, na ndani ya gari sheria ilitaka bastola isiyo na risasi, ndani ya kasha lililofungwa.

"Basi nikiibiwa nimwambie mwizi asubiri kidogo nifungue kasha," mzee alisema kwenye simu.

"Ndiyo maana unahitaji kibali, mzee. Anayekitoa ni mkuu wa polisi wa mji unaoishi. Uwe na rekodi safi, uwe umefundishwa kulenga, na uonyeshe kwamba una sababu: kazi yako ina hatari, au wewe mwenyewe uko hatarini. Kinadumu mwaka mmoja tu."

"Rekodi safi ninayo. Kulenga nitajifunza. Na watu wa kunisemea wapo, usiwe na wasiwasi."

Hilo la mwisho Tulia hakulitilia maanani. Angelitilia, angepiga simu tena.

Jumatano asubuhi aliposhuka kwenye basi mbele ya kituo cha polisi, alimkuta mzee Nassir amevaa suti ya kahawia, na nyuma yake umati mdogo. Mama Anastasia wa Phillips alikuwa amevaa kitenge juu ya koti la baridi. Marcel, Mkongo mrefu aliyeishi katika ile nyumba ya Frogtown, alivaa tai. Walikuwepo pia vijana wawili wa chuo ambao mzee huwakopesha sembe, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Mzee, hawa ni akina nani?"

"Mashahidi wangu. Nyumbani, mtu akiomba silaha, anajadiliwa na mtaa mzima. Huku hawanijui. Nimewaletea mtaa."

Sajenti Harrison, aliyepokea maombi, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Aliwatazama wote wakiingia mmoja baada ya mwingine, akauliza kama kuna harusi. Mama Anastasia, ambaye Kiingereza chake kilitoka alipotaka tu, alimpa mkono na kumwambia kwa Kiswahili kwamba amefanana na shemeji yake wa Bukoba. Tulia alitafsiri. Sajenti alishukuru.

Mambo yalianza vizuri. Rekodi: safi. Ukaazi: halali. Mafunzo: mzee alikuwa tayari amejiandikisha. Kisha sajenti aliweka kalamu sawa akauliza swali ambalo Tulia alikuwa akilisubiri.

"Kazi yako ikoje, bwana? Ina matatizo yoyote?"

"Namshukuru Mungu," mzee Nassir alijibu, amenyoosha mgongo. "Kazi ni nzuri. Hakuna tatizo."

Sajenti akaandika.

Tulia aliitazama kalamu ile ikitembea. Alijua kilichotokea. Kwao, anayeulizwa habari hujibu kwanza kwamba ni nzuri, hata kama nyumba inaungua. Habari yenyewe huja baadaye, taratibu, baada ya chai. Mzee alikuwa amefungua mlango tu, na sajenti alidhani hiyo ndiyo nyumba nzima.

"Anamaanisha kwamba..." Tulia alianza.

Lakini mashahidi walikuwa wamepata nafasi yao. "Huyu hana adui," alisema Mama Anastasia. "Mwambie, Tulia, tafsiri vizuri. Mtaa wote unampenda. Hata mbwa hawambwekei."

"Na mimi naunga," alisema Marcel. "Kwetu Frogtown anakuja kila Alhamisi, jamais hakuna fujo. C'est la paix totale. Amani tupu! Watoto wanamkimbilia."

Vijana wa chuo waliongeza kwamba hajawahi kugombana na mtu, na mama mwenye mtoto akasema mwanawe alilala usingizi kwa mara ya kwanza ndani ya gari la mzee Nassir. Tulia alitafsiri yote, kwa sababu alikuwa mkweli, na kila sentensi aliyoitafsiri ilikuwa kama anapiga msumari kwenye jeneza la kibali.

Sajenti Harrison alikuna shingo. "Bwana, nakuona ni mtu mwema kuliko wote walioingia hapa mwezi huu. Lakini sheria inaniuliza una hatari gani. Nikiwasikiliza hawa, hakuna mahali salama zaidi duniani kuliko unapofanyia kazi."

Tulia alimgeukia mzee, akasema kwa Kiswahili, harakaharaka: "Mzee, sema lile la Frogtown. Sasa hivi. Liseme kama ulivyoniambia."

Mzee Nassir alimtazama Marcel. Marcel alimrudishia tabasamu pana la mwenyeji anayejivunia mtaa wake. Na Tulia akaona mzee anavyoshindwa. Angesemaje, mbele ya mwenyeji wake, kwamba aliporwa uani kwake?

"Kulikuwa na vijana wawili," alisema hatimaye. "Waliomba koti. Niliwapa."

"Ukawapa?" sajenti akauliza.

"Ilikuwa baridi."

"Walikuwa na silaha?"

"Kulikuwa na kitu mgongoni. Sikugeuka kuuliza ni nini."

"Ulitoa taarifa polisi?"

"Sikupenda kuwasumbua."

Tulia alisema mwenyewe yaliyobaki: mfuko wa mauzo, mikono inayotetemeka, yote. Sajenti aliyaandika pia, kwa uungwana, chini ya yale mengine. Alisema jibu litakuja ndani ya wiki tatu, wala hakuahidi kitu.

Nje, Marcel alimshika mzee Nassir bega. "Kwangu? Walikufanyia hivyo uani kwangu, na wewe uko unasema ni nzuri, ni nzuri? Mais pourquoi, kwa nini, mzee?"

"Ungenisindikiza kila wiki badala ya kwenda kazini."

"Bila shaka!"

"Na wangekufukuza kazi. Ndiyo maana."

Mama Anastasia alikaza kitenge juu ya koti lake. Kisha alisema, "Kumbe tumekuharibia."

"Hapana, mama. Mmenisema vizuri sana. Sijawahi kusikia nikisemwa vizuri hivyo nikiwa hai."

*

Wiki hizo za kungoja zilikuwa nzuri kwa Tulia kwa sababu nyingine. Kwaya ya watu wa Afrika Mashariki, iliyokuwa ikiimba kila Krismasi katika kanisa moja la Minneapolis, ilipata mwimbaji kiongozi mpya, na mwimbaji huyo alikuwa yeye. Mwalimu wao wa kwaya, Zachariah, alimchagua mbele ya wote. Tulia alikuwa akiutamani wimbo wa kufungulia ibada ya Krismasi tangu mwaka wake wa kwanza wa chuo. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa mtu mmoja, bila kinanda, kanisa limezimwa taa zote isipokuwa mshumaa alioushika mwimbaji. Alimwandikia mama yake Njombe na kumwahidi kumrekodia kanda.

"Kuna jambo dogo," mwalimu Zachariah alisema. "Ukumbi wa Jumanne umechukuliwa na watu wa skauti. Kuanzia wiki ijayo mazoezi ni Alhamisi. Na mnanijua. Asiyefanya mazoezi haimbi, hata akiwa malaika."

Tulia alipiga makofi pamoja na wengine. Alhamisi haikumkumbusha kitu mpaka yuko kwenye basi la kurudi Hopkins. Hapo akajituliza: huenda kibali kitatoka. Akajishangaa. Yeye, aliyewahi kuandamana kupinga bunduki, sasa alikuwa anaombea mtu apewe bastola ili yeye aende kuimba.

Jibu lilikuja Jumatatu. Mzee Nassir alipiga simu ofisini.

"Habari za huko, mjumbe?"

"Nzuri. Za kwako, mzee?"

"Nzuri, nzuri. Kazi inaendelea. Familia hawajambo." Kisha akakohoa. "Wamekataa. Wanasema sikuonyesha hatari. Ila wameandika kwa adabu, na naweza kuomba tena."

Tulia alikaa. Katika moyo wake kulikuwa na watu wawili: mmoja alifurahi kwamba bastola moja haitazunguka chini ya koti, na mwingine aliona aibu kufurahi.

"Tutaomba tena," alisema. "Safari hii tutakwenda kwanza kutoa taarifa ya wizi. Na mashahidi wabaki nyumbani."

"Mama Anastasia atanuna." Akacheka, kisha akaacha. "Lakini hiyo itachukua miezi. Nimemwambia mtu mmoja kwamba gari linauzwa. Atakuja kuliona Ijumaa."

"Na Alhamisi hii?"

"Labda nitairuka Frogtown. Mwanangu, najua unachofikiria. Yale yalikuwa maneno ya mezani, na mdomo ulikuwa na nyama. Sikuhesabu."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, na mlango wa kutokea ukawa wazi mbele ya Tulia, mpana na bila lawama. Angeweza kusema asante. Badala yake aliuliza, "Unapita Hopkins saa ngapi?"

Alhamisi jioni Pamela alisimama mbele ya kioo cha bafuni akipasha sauti. Yeye ndiye aliyekuwa wa pili kwenye orodha ya mwalimu Zachariah ya waimbaji viongozi, na wote wawili walijua.

"Nimwambie uko na homa?" aliuliza. "I can lie, mimi sina shida. Nitasema unatapika."

"Mwambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba hiyo solo inakuwa yangu."

"Najua, Pam."

Pamela aliacha kupasha sauti. Alimtazama Tulia akijaribu kufunga zipu ya koti lake la duka la mitumba, kisha akaingia chumbani, akarudi na buti zake nzuri, zile zenye manyoya ndani, alizokataa kumwazima mtu tangu azinunue. Akazitupa miguuni pake.

"Usiziingize kwa hiyo chumvi wanamwaga barabarani kuyeyusha barafu," alisema. "Na si lazima uniangalie hivyo, nenda!"

Kigari kilinuka bizari na sabuni. Walianza pale pale Hopkins, wakapita Phillips, ambako Mama Anastasia aliwaletea chupa ya chai na kumwambia Tulia kwamba amekonda. Barabarani walipita mtaa wa lile kanisa. Madirisha ya ukumbi wa chini yalikuwa yanawaka, na watu walikuwa wakiingia wakikung'uta theluji. Mzee Nassir alipunguza mwendo.

"Najua leo kuna mazoezi," alisema. "Yule Pamela aliniambia ulipokuwa unatafuta glovu. Ushuke tu. Ukiingia sasa hujachelewa."

Tulia alitazama madirisha mpaka yakapita. Alivuta zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Twende, mzee. Frogtown wanasubiri mbuzi."

Uwanja wa nyuma ya nyumba ndefu ulikuwa na taa moja tu iliyokuwa hai. Mzee alizima injini, akabaki ameshika usukani. Tulia alishuka kwanza. Alikwenda ubavuni, akawasha tochi kubwa, akageuka kutazama uwanja, mgongo wake ukielekea gari. Nyuma yake alisikia mlango ukiteleza, kisha kimya, kisha sauti ya mtu anayeinama ndani na kuanza kupekua barafu.

Baridi ilimpenya mpaka kwenye meno. Ili asitetemeke, alianza kuimba ule ubeti wa kwanza, polepole, bila kinanda. Ghorofani dirisha likafunguka.

"Nani huyo anaimba? Mzee Nassir amefika?"

"Amefika, mama!" Tulia alijibu. "Shukeni, nyama ipo!"

Milango ilianza kugonga, na watu wakaja wakiburuta makoti yao kwenye theluji. Mzee Nassir alitoa kichwa nje akiwa na mguu wa mbuzi mkononi, akaupokeza kwa mteja wa kwanza, halafu akainama tena ndani kutafuta wa pili. Tulia aliinua tochi juu kidogo, ili mzee aone vizuri, akaendelea kusimama.